Mgomba Uliokaa Juu ya Bomba

Kemilembe mwanangu,

Marahaba. Naijibu sasa shikamoo uliyonipa jioni hii mlangoni, nikaipita kama vile umeamkia ukuta. Mama yako ameshanisema kwa hilo, na unajua mama yako akianza kusema haishii kwenye sentensi moja. Sikuwa nimekasirika. Nilifungua mdomo nikakuta hamna kitu ndani. Tangu mchana ule wa mtaro hunitokea hivyo mara kwa mara: neno lipo, sauti haipo. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, kwa kuwa mkono wangu haujawahi kukosa la kusema, na gari la Fundi Novatus linakuja kukuchukua kesho asubuhi.

Habari za sweta, dawa na sabuni sitazigusa. Mama yako amezimaliza. Nimemsikia akilikanya hata bega lako, eti lisijifanye limepona mbele ya watu.

Nakuandikia kwa sababu uliniuliza swali na sikukujibu. Ulikuwa umelala wodini, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, nywele bado zina udongo, ukaniambia, "Tata, utaniruhusu niende na mafundi?" Mimi nikatazama dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa na pazia. Tangu siku hiyo hujarudia kuuliza. Umekuwa ukifunga mizigo kidogo kidogo, kwa adabu, ukinipa nafasi, na kila ukikunja nguo moja unanitazama pembeni kidogo. Mama yako alikubali siku ileile. Najua ukikosa jibu langu utakwenda, ila utakwenda umeinama. Sitaki uiname. Basi vumilia, nilifikie jibu kwa njia yangu, maana kwa njia ya mkato nimejaribu na nimeshindwa.

Nianze na mgomba.

Ulizaliwa katika nyumba hii ya shule, hapa mteremkoni Bugene, na kitovu chako kilipodondoka bibi yako alikizika nyuma ya jiko, chini ya mgomba mchanga. Hakuna aliyetuambia kwamba hapo chini kulikuwa na bomba la majitaka. Hapana, huo ni uongo, na kalamu hii nimeishika ili niseme kweli. Tulijua. Mfuniko wa chuma wa chemba upo palepale karibu na karo, na mtoto yeyote wa shule angekwambia kwamba maji machafu ya mabwenini yanapita chini ya nyumba ya msimamizi wa shamba kwenda mabwawani bondeni. Lakini kujua kwamba kuna kitu chini ya ardhi ni jambo moja, kukiwaza ni jambo jingine. Sisi tulijua, tukatandika nyasi juu yake.

Mgomba ule ukakua. Ulikua kwa namna ya kuogopesha, kama ningekuwa mtu wa kuogopa. Ukawa shina nene, kichaka cha migomba mingi, lililojaza nyuma yote ya jiko. Nikachukua machipukizi yake, nikayapanda kwa mstari kushuka mteremko, na kila chipukizi lililokaa kwenye mstari huo lilitoa mkungu wa kubebwa na wanaume wawili kwenye mti. Migomba mingine ya shamba la shule, pale pembeni tu, ilitoa mikungu ya kawaida. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nina cheti cha kilimo kimetundikwa ukutani, sikujiuliza. Sababu niliijua: ni mimi.

Unakumbuka mkungu niliompelekea mchungaji, akaushukuria mbele ya usharika mzima? Unakumbuka ule tuliowapelekea wakwe wa dada yako, wakauweka sebuleni kwanza kabla ya kuupeleka jikoni, ili wageni wauone? Na wale wakulima waliokuja kutoka Bweranyange kujifunza kwangu? Niliwasimamisha kwenye mstari uleule. Nikawaeleza habari za kutandaza nyasi, samadi ya ng'ombe wa kutoka Kiruruma, kupunguza machipukizi, na mwishoni nikawaambia kwamba kuna kitu hakifundishiki, nacho ni mkono wa mtu. Mzee mmoja akadundadunda kwa kisigino, akauliza, "Waitu, ndugu yetu, mbona hapa ardhi kama inacheza?" Nikamwambia huo ndio ulaini wa mboji. Wakaandika.

Kemi, walikuwa wamesimama juu ya pango. Wote. Wanaandika.

Siku ardhi ilipofunguka wewe ulikuwa umekwenda Kayanga kwa shangazi yako, ndiyo maana hadithi yangu ya siku ile imekuwa ikinenepa kila nikikusimulia. Leo ipokee ikiwa imekonda. Mvua ilikuwa imekatika, jua limeshapanda, nami natafuta mkungu wa kukata. Hakukuwa na kishindo. Nilisikia kitu kama mtu ametua gunia la maharage sakafuni. Nikageuka. Shina moja, lile la tatu kushuka kutoka jikoni, lilikuwa linakwenda chini. Halikuanguka. Lilishuka wima pamoja na majani yake yote, taratibu, kama mzee anayekaa kitini, mpaka majani ya juu yakawa usawa wa magoti yangu. Kisha harufu ikapanda.

Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Kemi, mgomba umekwenda wapi?"

"Umeshuka."

"Umeshuka kwenda wapi?"

"Chini."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nautazama."

Nilisimama pale mpaka Mkuu wa Shule alipokuja na kumulika kwa tochi ya simu. Niliinama nikachungulia. Shimo halikuwa shimo la mgomba mmoja. Lilikuwa limekwenda upande wa juu, chini ya ile njia ya kwenda bombani kuteka maji. Njia uliyoipita tangu ulipojifunza kutembea. Njia uliyoikimbia na ndoo kichwani huku unaimba, nami nakupigia kelele usimwage maji. Udongo uliobaki juu ya lile pango ulikuwa mwembamba kuliko godoro lako. Nikaanza kuhesabu mara ulizopita pale, nikaacha, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa ni maisha yako yote.

Fimbo yangu ilianzia siku hiyo. Mmenicheka sana kwa fimbo hiyo, kwamba nagonga ardhi kabla ya kukanyaga kama kipofu mwenye macho. Ni kweli hata kanisani niligonga, na mama yako akaninong'oneza, "Baba Kemi, hapa kuna zege, tembea watu wanatutazama." Nilicheka na nyinyi. Lakini hamkujua kwamba usiku nilikuwa naona ile njia.

Fundi Novatus alipofika na kikosi chake kutoka Muleba ndipo tulipoelezwa. Mabomba yalikuwa ya udongo wa kuchoma, ya enzi za walioijenga shule, yameunganishwa kwa saruji. Maungio yakaachia. Maji yakatoka, mizizi ikaona karamu ikaingia, na kila tone lililovuja likabeba punje za udongo likazipeleka bondeni. Leo punje, kesho punje, miaka na miaka. Hakuna aliyeona kitu, kwa sababu juu kulikuwa na migomba mizuri.

"Mzee mwenzangu," Novatus akaniambia, akiwa ameushika mkungu wangu mmoja kama anayepima mtoto uzito, "migomba yako hii imesoma. Imekula bweni zima."

Vibarua walicheka mpaka wakaegemea mabeleshi. Na wewe ulikuwa miongoni mwao, umeshaandikishwa kubeba mchanga, kwa kuwa ulikuwa umemaliza kidato cha nne na matokeo yako, naomba tusiyajadili hapa. Nilikuwa nimekupangia ualimu. Kibarua cha mchanga nilikiona kama kitu cha kukupa hasira ya kurudi kusoma. Nilidhani utachoka siku ya pili. Siku ya pili ulikuwa umeshika kamba ya kupimia mteremko wa bomba, unambishia Novatus kwamba upande wake umelegea.

Sasa nifike pale pagumu. Unapafahamu, ulikuwepo, lakini hujawahi kupasikia kutoka upande wangu.

Injinia alikuwa ameweka alama ya rangi nyekundu kwenye migomba yote ya kutoka. Migomba ya mstari niliiacha iende, nikiumia kidogo kidogo. Alama ya mwisho ilikuwa kwenye shina la nyuma ya jiko. Siku ile injinia alikuwa Bukoba anafuatilia mabomba, na Novatus akaja na panga.

"Hili linatoka," akasema.

"Hili halitoki."

"Waitu, bomba linapita chini yake."

"Linapita pembeni. Mimi nimeishi hapa, najua."

"Na lile pango uliishi nalo pia."

Watu wakacheka tena. Nikaona nimezidiwa, nikamwambia ukweli, kwamba pale pana kitovu. Yule mtu akavua kofia.

"Kitovu cha nani?"

"Cha huyo aliyeko mtaroni anachekelea."

Ukachomoza kichwa. "Tata, ng'oeni tu! Mimi niko huku juu. Huko chini hamna mtu, kilishaoza kabla sijaota meno."

Nilikukaripia vibaya, mbele ya watu. Ulirudi chini, na nilikuona umeuma mdomo. Mtu wa mbali angeshangaa kwamba Novatus, mwenye mitaro yote aliyochimba maishani, hakuniambia nisimpotezee muda. Lakini Novatus ni wa kwetu. Anajua kwamba hapa mtu akitaka kukutangazia uadui hapigi kelele. Anaingia kibanjani mwako akakata migomba, na wewe ukiamka ukaikuta imelala unajua vita imeanza. Na huo ni mgomba wowote. Mgomba wa kitovu je? Akaligeuza panga mkononi, akaliangalia shina, akaniangalia mimi, akaliweka chini.

"Siwezi," akasema. "Mama yangu angefufuka huko Muleba anichape. Sikiliza, tutapita chini yake. Tunachimba upande huu na upande ule, tunatoboa katikati, bomba linapenya. Shina linabaki juu kama daraja."

"Litakaa?" nikauliza.

"Ni kazi ya muda mfupi tu."

Kwingine kote kwenye mtaro alikuwa amekaza kuta kwa mbao na mirunda. Pale chini ya shina hapakuwa na nafasi ya mrunda, mizizi ilikuwa imejaa. Yeye alijua. Mimi nilijua, kwani nilikuwa nimeshaona ardhi ile inavyofanya. Watu wazima wawili, kila mmoja akimheshimu mwenzake kupita kiasi. Nikamletea kahawa. Tulikuwa tumefurahi, Kemi. Tuliona tumefanya jambo la kiungwana.

Kilichofuata mchana ule bado sijui kukiandika. Uliingia wewe kupokea ncha ya kamba, kwa sababu wewe ni mwembamba. Mimi nilikuwa ukingoni, mikono nyuma, nimeridhika kama mwenye harusi. Nikaliona shina linashuka. Namna ileile. Wima, taratibu, majani yote.

Nikapiga kelele, "Mgomba!"

Ndilo neno lililotoka. Mwanangu alikuwa chini yake na kinywa changu kikaita mgomba. Wewe umelifanya kichekesho. Wodini uliwaambia wagonjwa wenzako, "Jamani, mimi nilikuwa nasikia kila kitu. Tata aliuita mgomba kwanza, mimi nilishika nafasi ya pili." Wakacheka mpaka muuguzi akaja. Nami nilicheka, kwa kuwa ulisimulia vizuri, na kwa kuwa ulikuwa hai wa kusimulia. Kisha nikatoka nje, nikapita nyuma ya kamba za kuanikia mashuka, nikakaa chini bila hata kupagonga kwanza.

Neno halikuwa peke yake. Hata baada ya neno sikusogea. Novatus alishajitupa ndani, vibarua wanafukua kwa vidole kwa sababu beleshi lingekuumiza, na mimi nimesimama nimeshika jani. Jani la mgomba, Kemi. Nilikuwa nimelidaka lilipokuwa linakwenda chini na nilikuwa nimeling'ang'ania, kama vile nikilishika jani nimeshika kila kitu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mimi ambaye napenda kusema, ningefanya hivi, ningefanya vile. Nilishika jani.

Aliyekuokoa ni mama yako. Alikuja kutoka jikoni mbio, akaliokota panga la Novatus pale lilipowekwa kwa heshima zote, na nakiri kwamba nilipomwona usoni nilidhani ananijia mimi. Nisingemlaumu. Alinipita. Akashuka kwenye ule udongo na kuanza kukata. Alikata mgomba baada ya mgomba, anatupa vigogo juu, utomvu umemjaa mpaka kwenye kope, na muda wote anazungumza nawe kwa Kinyambo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuita uje kula. Shina zima, lenye kitovu chako, lililotunzwa tangu ulipokuwa mchanga. Aliuondoa uzito wake wote juu yako, mpaka Novatus akapata nafasi ya kuupitisha mkono. Nimeishi na mwanamke yule miaka yote hii nikidhani namfahamu.

Kikatoka kilemba. Kikatoka kiganja. Ukatoka uso, wa rangi ya udongo, umefumba. Nilikuwa nimeshafika wakati huo, nimepiga magoti, sikumbuki nilishukaje. Ukafumbua macho. Ukatema mchanga. Ukasema, "Bomba limevunjika?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ardhi. Nilitazama huku na huku nione kama wengine wamesikia. Novatus alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Halijavunjika, mama," akakwambia. "Lala. Halijavunjika."

Baadaye alikuja wodini na nanasi kubwa, akasimama miguuni pa kitanda ameishika kofia. Hakunitupia lawama hata kidogo, ingawa nilimwachia nafasi. Alisema kosa la ukuta wa mtaro ni la fundi, hata mwenye kibanja akilia machozi. Halafu akasema, yule mtoto akitaka, kuna kazi nyingine upande wa Kyerwa, mabomba ya umri uleule, na baada ya hapo kwingine. Ataanza kwa kuchanganya zege, na akiendelea hivi atampeleka chuo cha ufundi. Nilitaka kumrushia nanasi lake. Wewe uligeuza kichwa juu ya mto wa kulalia ukaniuliza lile swali.

Nimekaa kimya tangu hapo kwa sababu nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa hapana. Hapana, kwa sababu nimeona. Hapana, kwa sababu ardhi niliyoijua ilinidanganya, sembuse usiyoijua. Na hapana moja ndogo ya aibu: nitawaambia nini wenzangu shuleni, kwamba binti yangu anachimba majitaka? Naiandika hiyo ili uone nilikuwa nimeshuka kiasi gani.

Halafu ikaja siku ya kujaribu bomba. Ulikuwa umetoka hospitali, mkono bado kitambaani. Walikuwa wameshafanya yote upya. Niling'oa visiki vya migomba vilivyobaki kwa mikono yangu, sikumwachia kibarua hata mmoja. Mtaro ukapanuliwa, kuta zikakazwa mbao kila hatua, mchanga ukalazwa chini, bomba jipya la plastiki likalala juu yake limenyooka, chemba zikajengwa tofali kwa tofali na kupigwa plasta. Juu pakafukiwa, pakapandwa nyasi fupi tu. Pakaonekana kama kichwa kilichonyolewa. Wanafunzi walikuwa wamechoka na vyoo vya mashimo vya dharura, shule ilikuwa inaning'inia, karibu kufungwa, na kila mtu alitoka kutazama.

Novatus akamimina maji ya chokaa kwenye chemba ya juu, karibu na mabweni. Wewe ulikuwa umesimama kwenye chemba ya chini kabisa, kando ya mabwawa, umeinama. Mimi katikati, na fimbo yangu. Tukangoja. Nilikuwa natazama nyasi, nikijua maji yale yanapita chini ya miguu yangu na siyaoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikayawaza yakipita, maungio kwa maungio.

Ukapiga ukelele kutoka bondeni. "Imefika! Nyeupe! Tata, imefika!"

Nimekusikia ukifurahi Krismasi, nimekusikia kwenye harusi ya dada yako, nimekusikia ng'ombe wa babu yako alipozaa mapacha. Sauti ile sikuwahi kuisikia. Na ulimwita nani? Fundi wako alikuwa juu kule, rafiki zako wamekuzunguka. Uliniita mimi. Niliinua fimbo juu, ndicho nilichoweza, na ulidhani napunga.

Babu yako alikuwa mtu wa ng'ombe. Nilipomwambia nakwenda kusomea kilimo hakujibu. Alinisindikiza mpaka barabarani akizungumzia kwato za ndama mmoja aliyekuwa anachechemea, kwato, kwato, mpaka gari likaja. Nilipanda nikiwa na uhakika amenikasirikia, na uhakika huo niliubeba mpaka utu uzima, nikawa namtembelea kwa tahadhari, kama mdeni. Amekufa hatujalizungumza. Siku ile, nikiwa natazama pazia la hospitali, ndipo nilipomwelewa: naye alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Sitaki uondoke hapa na kwato za ndama.

Kwa hiyo, jibu. Nenda, Kemi. Nenda umenyooka. Si kwamba woga umeniisha. Woga upo, nimekaa nao hapa mezani, na utabaki nami uniweke macho. Nakuruhusu kwa sababu nilikuwepo ulipofukuliwa nikasikia ulichouliza, na nilikuwepo mteremkoni nikasikia ulivyoita. Baba aliyeyasikia hayo mawili akisema hapana, atakuwa anasema kwa ajili yake mwenyewe.

Ninalo ombi moja tu. Siku moja, Kyerwa au popote mtakapopelekwa, alama nyekundu itaangukia kitu cha mtu. Mgomba, kaburi, jiko la marehemu mama yake. Mwenyewe atakuja asimame ukingoni. Atakuwa mtu mzuri, utampenda. Atakuletea kahawa, atakutania, atakwambia ardhi hii anaijua tangu utoto wake. Hatakuwa anadanganya, atakuwa anaamini. Kaa naye. Kunywa kahawa yake, msikilize mpaka mwisho, mpe pole kwa moyo wako wote, kisha ung'oe. Akikulaani, ulaaniwe. Akikuita huna adabu, inama, uendelee kung'oa. Weka mbao zako, kaza mirunda yako, kanyaga mwenyewe uone kama inakaa, ndipo uite mtu ashuke. Huyo atakayeshuka ana wazazi wake mahali fulani, wanaendelea na shughuli zao mchana huo, na hawajui kwamba wamekuachia wewe.

Baba yako